Kaka anataka gari lake liingie kwa jina langu

Shangazi, assalamu alaykum na shikamoo.

Nakuandikia kutoka Leicester, Uingereza. Ni saa kumi na moja alfajiri, nimetoka zamu ya usiku na usingizi hauji. Nina miaka 49. Huku nimekaa miaka 11 nikihudumia wazee katika makao yao, na inshallah mwezi wa Oktoba narudi Mombasa moja kwa moja. Mama amekuwa mkongwe. Mwaka jana alianguka msalani akavunjika nyonga, na moyo wangu umekataa kuendelea kuogesha mama za watu ilhali wangu anaogeshwa na msichana wa kazi.

Kurudi kwenyewe hakunipi tabu. Kinachonikosesha usingizi ni gari.

Nina gari dogo la petroli, Honda Jazz, lililosajiliwa mara ya kwanza Aprili 2019. Nyumbani gari kama hili mnaliita Fit. Miaka sita ya mwanzo nilikuwa napanda mabasi mawili kwenda kazini, na la mwisho likinipita natembea dakika 50 kwenye baridi inayouma mpaka meno. Mtihani wa udereva nilianguka mara mbili, mara ya tatu nikapita. Gari nililinunua kwa mkopo, nikalipa kila mwezi bila kukosa, na Januari 2025 deni likaisha. Barua ya kumaliza deni nimeihifadhi pamoja na pasipoti, maana logibuku ya huku, yaani hati ya usajili wa gari, inamtaja mwenye kulisajili gari tu, na yenyewe inasema wazi kwamba si ushahidi wa umiliki.

Mama hawezi tena kupanda gari refu, nyonga haimruhusu kuinua mguu. Nilipokwenda kumuuguza nilimwona akisukumwa kuingia kwenye tuktuk kama gunia, analia. Kwenye Jazz mtu anakaa kwanza, ukishamkalisha unamgeuza miguu taratibu mpaka iingie ndani. Ndivyo ninavyowafanyia wazee wa huku kila siku. Tangu alipoanguka, kila nikiliendesha gari hili namwona Mama ameketi humo tunakwenda kliniki.

Mambo ya forodha hayataki kukurupuka, kwa hiyo nimeulizia tangu mwaka jana. Mkenya anayerejea kukaa nyumbani anaruhusiwa kuingiza gari moja kwa msamaha wa ushuru, na msamaha huo akishaupata hapewi tena. Awe ametimiza miaka 18 na amekaa nje si chini ya miaka miwili. Gari awe amelimiliki na kulitumia mwenyewe huko nje angalau miezi 12, na siku za melini hazihesabiwi. Kenya haipokei gari lililopita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, wala haisajili la usukani wa kushoto. Hapo nilishukuru, kwani Uingereza nako usukani uko kulia. Rafiki yangu aliyerudi kutoka Minnesota ilimlazimu auze lake, anunue la usukani wa kulia lisilozidi thamani ya lile la kwanza.

Sharti lililonikalisha chini na kalamu ni la siku. Katika miaka miwili ya mwisho kabla ya kurejea, siku zako za kuwa Kenya zikijumlishwa zisipite 90. Mama alipovunjika nilikaa naye wiki sita, siku 42. Mwaka huu nikaenda kufunga naye Ramadhani wiki nne, siku 28. Hizo ni 70. Mwezi wa Agosti binti ya kaka yangu anaolewa, na mimi ndiye shangazi yake wa pekee. Wanataka niwe huko mwezi mzima. Nimewaambia nitakuja wiki mbili tu, na najua wameniona najivuna. Sikuwaambia kwamba siku nazihesabu kama pesa.

Sasa nije kwa kaka. Tumezaliwa wawili tu, tumbo moja, yeye ndiye mkubwa. Ana duka la vifaa vya ujenzi Kisauni, na siku hizi wateja wake wamefika hadi Garsen na Hola. Njia za kule mvua ikinyesha unazijua. Anataka Land Cruiser ya dizeli. Akiiagiza kwa jina lake, ushuru wa forodha peke yake ni asilimia 35, juu yake kuna ushuru wa bidhaa, kisha VAT, kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16 inapigwa juu ya hayo yote. Akipiga hesabu anaona ni kama kulinunua gari mara mbili. Ndipo akakumbuka kwamba dada yake anarudi.

Alinipigia Ijumaa moja baada ya sala. Mpango wake ni huu: anitumie pesa, nilinunue gari hilo huku kwa jina langu, niahirishe kurudi mpaka Oktoba ya mwaka ujao, niliendeshe miezi 12, kisha nije nalo kama langu. La kwangu niliuze hapahapa. Nilipomwambia Mama hawezi kungoja mwaka mzima, akanijia na la pili. Kuna mtu anayemjua pale bandarini, atatengeneza risiti ionekane nililinunua mwaka jana.

Hilo la risiti nililikataa palepale. Fomu ya forodha inabeba saini yangu na PIN yangu ya kodi. Tarehe ya usajili imeandikwa ndani ya logibuku, karani yeyote akiifungua ataiona. Kuidanganya forodha ni kosa la jinai, na gari lenyewe linaweza kutaifishwa. Kaka alinyamaza kidogo, akasema, "Basi lile la kwanza."

Na lile la kwanza ndilo linalonitesa, Shangazi, kwa sababu ukilitazama kwa juu juu halina uongo. Jina lingekuwa langu, miezi 12 ingekuwa ya kweli, ningeliendesha kweli. Lakini pesa ni zake, na siku linapotoka bandarini funguo ni zake. Gari lililosamehewa ushuru halipewi mtu asiye na haki hiyo; likihamia kwake, ushuru wote unadaiwa. Kwa hiyo itabidi likae kwa jina langu miaka, yeye akipakia saruji kwenda Hola. Akigonga mtu, nitatafutwa mimi. KRA, watoza kodi wa Kenya, wakiuliza gari liko wapi, nitaulizwa mimi. Na la kwangu? Aprili 2027 litatimiza miaka minane. Nikingoja mpaka Oktoba hiyo, hata nikitaka kulilipia ushuru wote halitaingia. Na Mama atakuwa amesukumwa kwenye tuktuk mwaka mwingine mzima.

Ungedhani jibu langu ni rahisi. Mimi pia ningedhani hivyo, lau si mambo ya 2015.

Mwaka ule kaka alikuwa na matatu, Nissan moja iliyokuwa ikimlisha yeye na watoto. Aliiuza. Pesa zake ndizo zilizonilipia viza, tiketi na ada ya kozi. Kwa miaka miwili baada ya hapo alikuwa makanga kwenye matatu ya mtu mwingine, njia ileile aliyokuwa akipita na yake. Mimi nilijua hayo baadaye sana, tena kwa jirani. Nilipoanza kutuma pesa za kumjengea Mama nyumba, yeye ndiye aliyesimamia tangu msingi hadi mabati, na hata shilingi haikupotea. Wengi huku wanalia na ndugu zao walioachiwa pesa za ujenzi. Mimi sijalia hata siku moja.

Hajawahi kunitajia ile Nissan, na safari hii pia hakunitajia. Aliyenitajia ni mke wake. Alinitumia ujumbe usiku: "Wifi, gari ndilo lililokupeleka Ulaya. Nawe mletee mwenzio gari." Nimeusoma ujumbe huo mpaka nimeuhifadhi. Sikuweza kumjibu, kwa sababu kila neno lake ni kweli.

Nilimpigia Mama, nikidhani atanitetea. Akaniambia, "Nyinyi ni wawili tu, mwanangu. Msije mkaachana kwa ajili ya vyuma." Sikujua ananiambia nikubali, au kaka ndiye aache. Sijui hata kama aliambiwa kwamba gari dogo ni kwa ajili yake.

Nina akiba ya pauni 6,000. Humo nilipe meli na bima ya safari, gharama za bandari na wakala wa forodha, na usajili wa nambari za Kenya, kisha inibakie ya kuanzia maisha kabla sijapata kazi. Nimefikiria kumpa kaka pauni 3,000, aanzie kununua gari lililokwisha kulipiwa ushuru pale Mombasa, hata kama si Land Cruiser. Lakini naogopa. Mtu aliyeuza riziki yake kwa ajili yako, ukimwekea pesa mkononi siku unayomkatalia ombi, si atahisi unamlipa ili mfutiane hesabu? Sitaki hesabu yetu ifutwe, nataka tu isipitie kwenye fomu ya forodha.

Wakati nao unanibana. Tangu meli zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, safari imekuwa ndefu, na nafasi ya gari melini natakiwa niilipie kabla ya mwisho wa Julai. Harusi ni Agosti. Nikilipia, nitakwenda kumtoa binti ya kaka yangu huku baba yake ameshajua nimemkatalia. Nikinyamaza mpaka harusi ipite, nafasi itakuwa imepotea, na isitoshe nitakuwa nimecheza ngoma ya vugo nyumbani kwake nikiwa na siri kifuani.

Naomba unishauri, Shangazi. Nimwambie kwa simu sasa hivi, mimi na yeye peke yetu, au nimtume mjomba wetu aliye Likoni, ambaye kaka humsikiliza? Hizo pauni 3,000 nizitaje katika mazungumzo hayohayo, au nizipeleke kwa mkono wangu baada ya harusi, bila kuzifunga na habari ya gari? Na wifi nimjibu nini? Kuna usiku ninaamka nikijiuliza kama haki hii ni yangu kweli, au ni ya yule aliyelipa tiketi. Ukiona ninakosea kumnyima, niambie pia, nitapokea.

Nijibu kabla ya Julai kwisha, ukiweza.

Dada mtu,
Leicester