Salamu za Shukrani kutoka kwa Familia ya Mkulima wa Mpunga, Mwea

Kwa jina la Mungu aliyetupa Baba na akamtwaa kwa wakati wake, sisi Mama, watoto, wajukuu na kitukuu mmoja wa marehemu tunawasalimu nyote mliosimama nasi tangu Baba alipougua hadi tulipomlaza. Asanteni. Tumechelewa kusema neno hili kwa sababu kila tulipokaa kuliandika tulishindwa kuendelea.

Baba aliugua wakati mgumu. Mpunga ulikuwa umeinamisha vichwa, maji yamefungwa ili shamba likauke, na ndege walikuwa wameanza kushuka asubuhi na jioni. Kwa siku 11 tuliishi kwenye benchi la hospitali, tukipokezana shuka moja. Kila alipopata nguvu ya kusema, Baba aliuliza jambo lile lile: "Nani yuko shambani?" Tulimjibu kwamba kuna mtu, naye alitulia. Tulijua tunamdanganya. Hatukuwa tumemwachia mtu yeyote shamba, na uongo huo ulitukaba koo kila tulipomwinamia kitandani. Usiku wa mwisho alilala mkono wake ukiwa katika mkono wa Mama, na alfajiri hakuamka.

Tulirudi nyumbani mchana tukiwa hatuna machozi tena. Tukakuta mpunga umekatwa, umepigwa na kupepetwa, magunia yamepangwa kando ya ukuta na kufunikwa turubai. Majirani tunaotumia nao mfereji mmoja waliingia shambani tangu siku ya tatu, wala hawakutupigia simu ili tusiongezewe mawazo. Kumbe tulichomwambia Baba tukidhani ni uongo kilikuwa kweli! Mama aliketi chini pale pale kwenye magunia akamshukuru Mungu kwa sauti, nasi sote tukalia upya. Tangu siku hiyo tumeweza kulala.

Mtuvumilie tueleze kwa nini jambo hili limetugusa hivi. Guka wetu, baba yake Baba, aliletwa Mwea, hapa Kenya, miaka ya 1950 wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, akiwa mtu wa kizuizini. Mifereji inayotoa maji mto Thiba na mto Nyamindi ilichimbwa na mikono ya watu kama yeye. Alipoachiliwa hakuwa na shamba la kurudia, akaandikwa miongoni mwa wapangaji wa kwanza wa mradi wa umwagiliaji wa Mwea na kupewa ekari 4. Hakuwa amewahi kulima mpunga. Cucu, bibi yetu, alizoea kutusimulia kwamba alilia msimu mzima wa kwanza: udongo mweusi unaong'ang'ania miguu, mbu, kichocho, na majirani asiowajua hata mmoja, kwa kuwa kila nyumba ilikuwa imetoka kwake. Hapakuwa na ukoo wa kukimbilia. Wakaamua kwamba mtu unayegawana naye maji ndiye ndugu yako. Tulilisikia neno hilo tangu utotoni; msimu huu tumeliona.

Guka alipofariki, kanuni za wakati ule zilitaka jina la mrithi mmoja tu, na jina lilikuwa la Baba. Angeweza kulima ekari zote 4 peke yake na hakuna ambaye angemuuliza. Aliwaita wadogo zake wawili na Shangazi yetu, akampa kila mmoja ekari, akabaki na moja. Kumpa dada yake shamba kulimletea maneno mengi siku hizo. Baba hakubishana na mtu; alienda tu akamsaidia Shangazi kupandikiza miche. Ekari hiyo imesomesha watoto watano. Baba aliwahi kuona mengi: mwaka 1998 wakulima walipoamua kujiuzia mpunga wao badala ya kupitia bodi ya umwagiliaji ya serikali, na mwaka 2022 Bwawa la Thiba lilipozinduliwa, akataka apelekwe alione maji kwa macho yake. Tulimpeleka. Tunamshukuru Mungu kwamba tulimpeleka.

Shangazi, wewe ulikuja na mkeka ukalala sakafuni kwa Mama kwa majuma mawili, na magoti yako tunayajua. Mungu akulipe. Kijana wa nyumba ya pili kutoka kwa mfereji, uliyefukuza ndege kabla ya kwenda shule na baada ya kutoka shule bila kutumwa na mtu, sasa wewe ni mtoto wa nyumba hii. Muuguzi wa zamu ya usiku uliyemwosha Baba uso na kumwita "Baba" kama sisi, hatukujua jina lako lakini hatuachi kukuombea.

Tunawashukuru pia madaktari, mchungaji wetu na wazee wa kanisa, akina mama wa umoja waliopika, kwaya, vijana waliochimba kaburi mvua ikinyesha, chifu na naibu wake, wakulima wenzake wa ushirika, walimu na wanafunzi, waendesha bodaboda waliobeba wageni, wenye mahema na viti, kamati ya mazishi na mweka hazina wake aliyeandika hata shilingi ishirini, mliotuma michango kwa simu mkiwa mbali, jamaa waliotoka kwetu kwa asili, milimani, na wote mliokuja tu mkaketi nasi kimya.

Tumekubaliana tusitaje majina, maana tungetaja moja tukasahau kumi. Hata hivyo, tunajua kuna watu tumewaruka. Kuna waliotoa kwa siri, kuna simu ambazo hatukuzipokea, kuna aliyeondoka mazishini bila kula kwa sababu chakula kiliisha. Kwenu nyote tunaomba msamaha kutoka moyoni. Hatukudharau mtu, tulikuwa tumezidiwa.

Mama anaomba jambo moja zaidi. Miundu mitatu, turubai la buluu na sufuria kubwa lenye mshikio uliofungwa waya bado viko kwetu tangu siku za mavuno. Wenyewe waje wavichukue, na wasiondoke bila kunywa chai.