Barua kwa Athumani: umeme ukikatika, maji yana pa kwenda?

Tanga, Jumapili jioni

Swahiba wangu Athumani,

Assalaam aleikum. Huku wazima, Mama Rukia anakusalimu, mengine tutaongea. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na kilichonikaa rohoni ni dari ya jirani yako wa ghorofa ya chini, Mama Swaumu, iliyolowa kwa maji ya akwariamu yako. Kwa hiyo naenda moja kwa moja kwenye maji.

Kabla ya yote, ile ekstensheni iliyolala sakafuni iondoe leo. Zima swichi kuu kwanza, ndipo uiguse. Ifunge ukutani, mbali na mchirizi wowote, na kila waya uuache uning'inie chini ya soketi kabla haujapanda kwenye plagi. Maji yanayotambaa kwenye waya yatadondokea pale ulipopinda, hayataingia kwenye umeme. Na haya ni maji ya chumvi, yanapitisha umeme kwa urahisi sana.

Sasa gharika. Ile vali ya kuzuia maji kurudi anayokushauri Fundi Saidi, usiitegemee. Nitaeleza.

Umesema umeme ulipokatika tangi la chini, lile lenye pampu, lilifurika na la juu lenye matumbawe likapungua. Hapo ugonjwa umeshajulikana. Pampu iliposimama, bomba la kupandishia liligeuka kama mpira wa kunyonyea mafuta kwenye pipa. Mdomo wake uko sentimita 6 chini ya uso wa maji ya tangi la juu, basi likanyonya mpaka uso ukashuka hadi pale mdomoni, hewa ikaingia, likaacha. Tangi lako la juu ni sentimita 120 kwa 50, maana yake kila sentimita ya kimo ni lita 6. Sita mara sita, lita 36. Chini una 60 kwa 40, kila sentimita ni lita 2.4, kwa hiyo lita 36 zinataka nafasi ya sentimita 15. Wewe ulikuwa na 12. Zile lita 7 na kitu zilizokosa pa kukaa ndizo zilizomfikia Mama Swaumu.

Wazo la kupunguza maji kwenye tangi la chini halitakufikisha mbali. Vioo vinavyoligawa vyumba vinashikilia maji pale pale yalipo, kinachopungua ni chumba cha pampu peke yake. Chumba chako ni 20 kwa 40: ukishusha sentimita 5 umepata lita 4 tu, na pampu itakaribia kuvuta hewa.

Dawa iko juu. Inua mdomo wa bomba uwe sentimita moja tu chini ya uso wa maji. Hapo kitakachoshuka ni kama sentimita moja na nusu, ukihesabu na kile kinachomalizikia kwenye kisanduku cha kona kinachopokea maji ya kushuka. Lita 9 hivi, ambazo kule chini ni chini ya sentimita 4. Halafu toboa tundu la milimita 5 kwenye bomba hilo hilo, pale pale chini kidogo ya uso wa maji, likielekea chini lisirushe maji nje. Mimi hutoboa mawili, maana konokono hukaa kwenye moja na mwani wa chokaa huziba jingine. Kila wiki pitisha kijiti cha meno. Ile vali ina kasoro hiyo hiyo: chembe moja ya mchanga ikinasa kwenye raba yake, haifungi tena, na wewe uko kitandani unaiamini.

Ukimaliza, zima pampu mwenyewe mchana, kaa hapo mpaka maji yatulie kabisa, kisha piga mstari wa kalamu ya wino mzito kwenye kioo cha chini. Ubaki na sentimita 3 juu ya mstari huo. Zikipungua, mdomo bado uko chini mno.

Kuna jaribio la pili ambalo watu hulisahau. Ziba bomba la kushushia kwa kitambaa, pampu ikiwa inafanya kazi, nawe umesimama karibu na swichi. Ndivyo itakavyokuwa siku konokono akiingia humo. Chumba cha pampu kikiwa na sentimita 18 za maji ya kuvutwa, ni lita 14 na kitu, na juu zitainua uso sentimita 2.4. Kwa hiyo kati ya maji na ukingo pawe na sentimita 4 kamili. Lakini ile ndoo yako ya lita 20 inayojazia yenyewe maji yaliyovukizwa ndiyo inayonitisha: chumba kikikauka, kielea kitadhani maji yamevukizwa, kitamwaga ndoo nzima ya maji yasiyo na chumvi. Yatafurika juu, na chumvi itashuka kwa mpigo. Weka chombo cha lita 5, ujaze kila siku.

Ule mngurumo wa bomba la kushushia ni jambo dogo. Umezamisha ncha yake sentimita 15 kule chini, hewa haipati njia, inatoka kwa mikupuo. Ikate ibaki sentimita 2 majini. Kama bado, ongeza tundu la hewa la kifuniko cha juu cha bomba hilo milimita moja moja, kuanzia 3.

Na zile lita 7 zilizomwagika zilitoka na chumvi yake, zirudishe kwa maji ya chumvi, gramu 35 kwa lita, chumvi ya akwariamu, si ya jikoni. Maji yanayovukizwa ndiyo hurudishwa matupu.

Nirudi kwenye bomba la kupandishia kidogo: usilipake gundi kwenye kona ya juu mpaka ujaribu kuzima mara mbili. Ukishagundisha, hakuna kurekebisha.

Niambie, kioo cha juu kimetobolewa au kile kisanduku kimening'inizwa tu nje? Maana kama kimening'inizwa, kuna hatari nyingine umeme unaporudi. Pampu yako imeandikwa lita ngapi kwa saa? Matumbawe yamefunguka tangu juzi? Na Mama Swaumu, umeshashuka kumwona?

Wako,
Jabiri