Barua ya wazi kwa Kamishna wa Kaunti ya Kakamega: Nisaidie kumpata mwenye cherehani hii

Mheshimiwa Kamishna,

KUH: CHEREHANI ILIYOACHWA NAKURU, JANUARI 2008

Nina cherehani ya watu nyumbani kwangu. Iko kwangu tangu usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Januari 2008, na mwenyewe naamini ni mtu wa huko kwako. Nimemtafuta kwa njia zote nilizozijua mimi kama raia wa kawaida. Iliyobaki iko mikononi mwako.

Tulikuwa tukikaa ploti moja Kaptembwa, hapa Nakuru, mlango kwa mlango. Mtaa mzima ulimwita Mama Fundi, nami nitamwita hivyo hapa. Jina lake kamili liko kwenye jalada la daftari lake, na nitalileta ofisini kwako likihitajika. Alikuwa mshonaji wa sare za shule. Januari ndiyo mavuno ya mshonaji, na Januari ile daftari lake lilikuwa limejaa oda mji ulipoanza kuwaka. Siku zile, kuanzia tarehe 24, sitazisimulia. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchi nzima, na sisi tuliokuwepo tunajua yaliyopita milangoni petu.

Alikuja kwangu akiwa na mtoto mgongoni na mwingine kamshika mkono. Lori la polisi lilikuwa barabarani likiwangoja liwapeleke uwanja wa maonyesho. Akanipa funguo mbili zilizofungwa pamoja kwa uzi mweusi, wa mlango na wa droo, akaniambia, "Dada, niwekee cherehani. Ni ya mama." Hakuna lingine alilosema. Kafyu ilikuwa imeanza. Mimi na mume wangu tuliikokota ile mashine gizani, mimi nikishika meza, yeye akiinua miguu ya chuma isikwaruze saruji watu wakasikia. Tukaifunika kwa magunia. Kesho yake mlango wa Mama Fundi ulikuwa umevunjwa na ndani hakukusalia hata sufuria.

Ni Singer nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, maandishi yake ya dhahabu yamefutika upande ule mkono wa mshonaji unaopita. Fundi aliyeikagua aliniambia kwa kutazama namba yake kwamba ilitoka kiwanda cha Clydebank, Uskoti, kiwanda kilichofungwa mwaka 1980. Kwa hiyo ni kweli ilikuwa ya mama yake kabla ya kuwa yake. Ubao wa kukanyagia umelika katikati, alama mbili za nyayo, moja imezama kuliko nyingine. Droo ya kulia ina bobini, chaki, futi ya kupimia iliyokatika inchi ya kwanza, na lile daftari. "Sketi ya marinda, kiuno 24, urefu 22, ametoa 150." "Shati, kifua 28, bado." Wateja 17, na kila aliyetanguliza pesa amewekewa alama. Alikuwa na deni la kazi kwa watu na alilijua hadi shilingi ya mwisho.

Nambari ya simu iliyokuwa kwenye daftari niliipiga Februari ile ile ikalia mara moja, halafu haikupatikana tena. Nikangoja arudi. Mei 2008 serikali ilipoanza Operesheni Rudi Nyumbani, ya kuwarudisha waliohamishwa makwao, waliokuwa kambini walipewa shilingi 10,000 za kuanzia, na waliochomewa nyumba 25,000 za kujengea. Nikaenda kuuliza kama jina lake liko kwenye orodha. Halikuwepo, na sababu nimekuja kuielewa baadaye. Mama Fundi hakukaa kambini. Alilala uwanjani siku chache tu, kisha akapanda basi la kuelekea kwao. Wale waliopokewa na kaka zao na shangazi zao hawakuandikwa kama walivyoandikwa wa kwenye mahema. Mtu kama huyo huwezi kumpata kwa kufungua faili. Utampata kwa kuuliza watu.

Kwao ni wapi? Siku moja tukianika nguo nilimuuliza, akacheka, akasema, "Kwetu reli inaishia." Reli ya kutoka Kisumu huishia Butere. Siku hizo ilikuwa Wilaya ya Butere-Mumias, Mkoa wa Magharibi, na barua mbili nilizoandika kwa anwani hiyo sikujibiwa. Sasa mikoa imekwisha, Butere iko kwako, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Nikueleze jambo moja lililonifanya nisite miaka mingi. Mwaka 2013 nilikodi mkokoteni, nikaipeleka cherehani kwenye ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Niliulizwa, "Umeitoa wapi? Risiti iko wapi? Miaka yote hii ulikuwa unafanya nini nayo?" Nikaambiwa niiache pale na nirudi nikiitwa. Kwenye ukumbi kulikuwa na baiskeli zisizo na magurudumu, redio zilizonyeshewa, godoro. Nikageuza mkokoteni. Njiani nilikuwa natetemeka, kwa sababu maswali yale ndiyo huulizwa mwizi, na nilikuwa na watoto nyumbani.

Mheshimiwa, hofu hii si yangu peke yangu. Nawajua majirani watatu wenye vitu vya waliokimbia. Kuna kabati la vyombo, kuna sanduku la bati lenye vyeti vya shule, kuna picha za harusi zilizo kwenye fremu. Hawakuiba. Waliwekewa, au waliviokota barabarani asubuhi ile wakavihifadhi. Lakini mwaka ule kuna waliopora kwa kweli, na anayetoa kitu hadharani leo anaogopa kuhesabiwa nao. Basi vitu vinakaa chini ya vitanda, na kila uchaguzi ukikaribia vinasukumwa ndani zaidi. Mtoto mwenye vile vyeti pengine amekosa kazi kwa kuvikosa.

Ninaloomba si gharama. Naomba uwaagize machifu na manaibu wao wa Butere na Khwisero watangaze kwenye mabaraza kwamba anatafutwa mshonaji wa sare aliyekaa Kaptembwa, Nakuru, hadi Januari 2008, aliyeacha cherehani ya mamake. Wazee wa vijiji waulize pia sokoni na makanisani, kwa sababu pengine aliolewa kwingine na ni nduguze tu waliopo. Wakati ule alikuwa na umri wa miaka 40 hivi. Mtoto aliyekuwa mgongoni sasa ni mtu mzima mwenye kitambulisho.

Atakayejitokeza aulizwe mambo mawili: chini ya sindano aliacha nguo gani, ya rangi gani, na droo ya kushoto ina nini. Namba ya mashine nayo sijaiandika hapa kwa makusudi. Mimi ninayo, na kama mwenyewe amewahi kuinakili mahali, tutalinganisha.

La pili ni kubwa zaidi. Naomba wewe na mwenzako wa Nakuru mtamke, kwa maandishi yatakayobandikwa mlangoni mwa kila chifu, kwamba anayerudisha kitu cha aliyehamishwa mwaka 2008 hatahojiwa kama mshukiwa kwa sababu tu ya kukirudisha, na kwamba kitu hicho kitatoka mkononi mwake hadi mkononi mwa mwenyewe, mbele ya chifu, bila kupitia stoo. Mkifanya hivyo, lile sanduku la vyeti nitakuwa wa kwanza kumshika jirani yangu mkono tulipeleke.

Nina jambo la kumkiri Mama Fundi pia, na afadhali lijulikane. Kila Desemba nimeipaka mafuta na kuizungusha gurudumu isishike kutu, na hakuna aliyeishonea, isipokuwa mara moja. Mwaka 2020, corona ilipoingia na kazi ikasimama, nilishona barakoa kwa wiki tatu. Nilipata shilingi 2,400 baada ya kutoa kitambaa na uzi. Nimeziandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake, kwa tarehe, na pesa zenyewe ziko kwenye bahasha ndani ya droo ya kulia. Mkanda wa ngozi ulikatika wakati huo nikanunua mwingine. Huo sikuutoa kwenye hesabu.

Akipatikana, asisumbuliwe kuja Nakuru. Huenda hataki kuuona mji huu tena, na nitamwelewa. Nitaipakia kwenye gari na kupanda nayo mwenyewe hadi Butere, siku yoyote chifu atakayoitaja. Ile nguo ya chini ya sindano sijaichomoa. Funguo bado zimefungwa kwa uzi ule ule.

Wako mwaminifu,

Jirani wa Mama Fundi,
Nakuru.