Barua kwa Masanja: ligi ya huku kwenye baridi

Heimaey, Iceland
Jumapili jioni

Ndugu yangu Masanja,

Salaam nyingi. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kwamba mguu wa mzee umeanza kupata nafuu. Mimi ni mzima. Kazi ni ileile ya samaki tuliyoifanya pamoja Mwanza enzi za sangara, ila hapa samaki wanatoka Atlantiki na vidole vinakufa ganzi mapema.

Umeniuliza kama huku kuna ligi ya mpira ya maana, au watu wanakimbizana tu wasigande. Nimeona nikujibu kwa kirefu, maana jambo hili linanikaa moyoni, na kwa wale watoto unaowafundisha mpira kila jioni, najua utanielewa kuliko mtu mwingine yeyote.

Kwanza nikukumbushe mtu. Abel Dhaira, kipa Mganda aliyedakia Simba yetu mwaka 2013. Kabla ya kuja Msimbazi alikuwa akiichezea ÍBV, timu ya kisiwa hikihiki ninachoishi, na alipoondoka Simba alirudi hukuhuku. Aliugua saratani ya tumbo, akafariki hapa Iceland tarehe 27 Machi 2016, akiwa na miaka 28 tu. Kabla yake walishapita Waganda wengine: Andrew Mwesigwa, beki aliyekuja kuwa nahodha wa Cranes, timu ya taifa ya Uganda, na kiungo Tonny Mawejje. Kazini nikisema natokea Afrika Mashariki, wazee wananitajia majina hayo. Siku ya kwanza kulisikia jina la Dhaira kwenye chumba cha chai nilishindwa kuendelea kula. Sisi Wanasimba tulimzungumzia kwa mabao aliyofungwa na aliyookoa, basi. Hawa walimjua akiwa jirani yao.

Sasa ligi yenyewe. Ilianza mwaka 1912 na timu 3 tu, mojawapo ikitoka visiwa hivi vya Vestmannaeyjar. Ubingwa walichukua KR, klabu ya mji mkuu Reykjavík, na hadi leo hakuna aliyebeba mataji mengi kuwashinda. Siku hizi timu ni 12. Wanacheza mechi 22, kisha jedwali linakatwa katikati: sita za juu zinakutana zenyewe kugombea ubingwa na nafasi za Ulaya, sita za chini zinapigania kutoshuka, mechi 5 kila moja. Mbili zinashuka daraja. Mimi mfumo huu naupenda, kwa sababu mwisho wa msimu timu ya nane au ya tisa bado ina kazi ya kufanya, haichezi kumaliza ratiba.

Msimu unaanza Aprili na kwisha Oktoba. Kwa nini, utaelewa ukija Januari, jua linapochungulia saa chache tu kisha linazama. Juni mambo yanageuka: mechi ya saa moja usiku inachezwa kweupe kabisa, na watu wakitoka uwanjani bado wanaonana sura. Baridi unaizoea. Upepo hauzoeleki. Nimeona kipa akipiga mpira wa goli, ukapanda, ukasimama hewani, ukarudi kuwa kona. Na timu za bara zikija kucheza hapa zinavuka bahari kwa kivuko. Bahari ikitulia ni kama dakika 40. Ikichafuka, kivuko hutumia bandari ya mbali na safari inakaribia saa tatu, au mechi inaahirishwa. Wachezaji wengi wana kazi nyingine au wanasoma, kwa hiyo kuahirisha mechi kunamgusa mwajiri na mwalimu pia.

Uwanja wa ÍBV unaitwa Hásteinsvöllur, uko chini ya majabali ya kijani. Kisiwa kizima kina watu elfu nne na kitu, nacho kimewahi kuwa bingwa wa nchi mwaka 1979, 1997 na 1998. Na usisahau kwamba usiku wa tarehe 23 Januari 1973 ardhi ilipasuka pembeni ya mji, volkano ikalipuka, na watu wote wakahamishwa usiku uleule, wengi kwa boti za uvuvi. Nyumba mamia zilifukiwa. Waliorudi walijenga upya na kuendelea na mpira wao. ÍBV ilishuka daraja 2023, ikakaa chini msimu mmoja, ikapanda tena.

Lakini hasa nilitaka kukueleza habari ya watoto. Nchi nzima ina watu wasiofika laki nne. Ukiichukua Mwanza mjini pekee, inawazidi. Watu hao mwaka 2016 waliitoa Uingereza mashindano ya Ulaya kwa mabao 2-1, na mwaka 2018 wakaenda Kombe la Dunia wakatoka sare 1-1 na Argentina, kipa wao Hannes Halldórsson akipangua penalti ya Messi. Kocha aliyewapeleka, Heimir Hallgrímsson, ni daktari wa meno, mzaliwa wa kisiwa hiki. Aliifundisha ÍBV hadi 2011, kwa hiyo Mawejje alipita mikononi mwake. Na mwambie binti yako asiache mazoezi: wanawake wa Iceland walifika fainali za Ulaya 2009, miaka 7 kabla ya wanaume.

Wamefikaje? Kuanzia mwaka 2000 walijenga majumba makubwa yenye kiwanja ndani, ili watoto wasilale miezi ya giza. Halafu wakatandaza viwanja vidogo vya nyasi bandia karibu na shule, zaidi ya 100 nchi nzima, vingi vikipashwa kwa maji ya moto yatokayo ardhini. Mtoto akitoka darasani anaingia kucheza, haombi ruhusa kwa mtu. Najua unachowaza: hizo ni hela, sisi hatuna. Ni kweli. Ila kuna jambo lingine walilofanya, ambalo kwangu ndilo kubwa. Waliwasomesha makocha, na waliosomeshwa wakapelekwa kwa watoto. Hapa mtoto wa miaka 8 anafundishwa na mtu mwenye leseni ya UEFA, shirikisho la mpira la Ulaya, na mtu huyo analipwa. Kwetu ukiwa na leseni unataka timu kubwa, watoto wanaachiwa yeyote mwenye filimbi. Hilo linaniuma, Masanja, kwa sababu tulikua hivyohivyo mimi na wewe. Tulikimbizwa tu, hakuna aliyetufundisha hata kuupokea mpira.

Kila Juni kisiwa hiki kinajaa watoto wa kiume wa miaka 9 na 10 kutoka nchi nzima, wanakuja kwa mashindano yaliyoanza mwaka 1984. Wanalala kwenye madarasa, wanacheza mvua iwe isiwe. Nilisimama pembeni nikiwatazama makocha. Hakuna aliyetukana mtoto. Aliyekosa bao la wazi aliitwa, akaelekezwa kuuweka mguu, akarudishwa ndani.

Klabu zao zimeanza kuonja Ulaya pia. Breiðablik ilikuwa klabu ya kwanza ya wanaume kutoka huku kuingia hatua ya makundi, msimu wa 2023/24 kwenye Conference League, shindano la tatu kwa ukubwa la klabu za Ulaya. Mwaka uliofuata Víkingur ilivuka mbele zaidi, ikaifunga Panathinaikos ya Ugiriki 2-1 kabla ya kutolewa Athens kwa 2-0. Mechi hiyo ya nyumbani waliichezea Helsinki, Finland, kwa sababu Iceland hakukuwa na uwanja unaokidhi masharti mwezi wa Februari. Yaani wenyeji wanapanda ndege kwenda nyumbani! Ndiyo maana sikubali mtu aniambie ligi hii ni ndogo.

Sasa nina ombi. Kozi ya makocha ya leseni D, ile ya ngazi ya mwanzo, ikitangazwa hapo Mwanza, jiandikishe, usiseme umri umekwenda. Ada tutachangiana, nusu nitatoa mimi. Wewe tayari una subira na watoto wanakusikiliza. Kilichobaki ni elimu ya mazoezi yenyewe, nini kinamfaa wa miaka 8 na nini kinamfaa wa 13. Ukiipata hiyo, usiwaache watoto kwenda kwa wakubwa, hata wakikuita.

Na uniandikie saizi za viatu za wale watoto, kila mmoja na jina lake, kabla ya mwisho wa mwezi. Huku watoto wanakua haraka na viatu vinabaki vizuri kabisa. Nimeshaongea na mama mmoja ambaye wanawe wanacheza, ameahidi kukusanya kwa wenzake. Glavu za kipa pia, sema kama ni mmoja au wawili.

Nisalimie shemeji, mzee, na wote wa pale kijiweni.

Wako,
Juma