Kwa nini tunatoza kupanga ukurasa ulioletwa "tayari"

Mwenye nyumba moja ya wageni hapa Lamu ametuambia sisi wachapaji kuwa tumemuibia. Kipeperushi alikiandika mwenyewe kwenye Word, picha zimo, kisha akakuta kwenye risiti pesa ya kupanga kurasa. Wengi wamelalamika hivyo kabla yake, basi tueleze.

Karatasi ya A5 ina upana wa milimita 148. Toa pambizo za milimita 12 kila upande, weka picha ya jahazi ya milimita 70, acha milimita 5 za kuitenga na maneno: maandishi yamebakiwa na milimita 49. Kwa herufi za pointi 11, hapo hukaa maneno matatu, pengine manne. Na Kiswahili kina maneno kama "tutakapowakaribisha". Likikosa nafasi linashuka zima, na kama umeamuru mistari inyooke pande zote mbili, yaliyobaki juu yanavutwa mpaka mianya inakaa wazi katikati. Kompyuta ikikata maneno kwa kanuni za Kiingereza, inakata mahali ambapo silabi haijaisha.

Kwa hiyo kando ya picha tunanyoosha kushoto tu. Kulia kila mstari uishie unapoishia. Picha tunaiweka kulia, ili jicho likimaliza mstari lirudi pale pale lilipoanzia. Kwenye kadi ya harusi yenye Kiarabu ni kinyume: maandishi yananyooka kulia, ua linakaa kushoto. Katikati ya aya hatuweki picha, hata mteja akishikilia. Msomaji airuke vipi katikati ya sentensi?

Kinachotula muda zaidi ni spesi, zile nafasi tupu kati ya maneno. Mteja huzibonyeza mfululizo mpaka maneno yaizunguke picha, na kwake yanapendeza. Kwetu fonti aliyotumia, yaani aina ya herufi, haipo, au amebadili bei ya chumba, na kila mstari unahama. Mmoja alikataa tumpangie, akaenda kuchapisha vile vile kwingine. Bei za vyumba zikafunikwa na picha. Alirudi akalipia nakala zote upya, na pesa ya kupanga kurasa juu yake.

Pesa ile ni ya kufuta spesi hizo, kupitia kila mstari, na kukuonyesha nakala moja kabla hatujachapa zote. Hatuwezi kuifanya bure. Lakini ukileta maandishi matupu na picha kando, zile za kwenye kamera yenyewe na si zilizopitia WhatsApp, kazi hupungua na tunakutoza kidogo.