Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Daftari za Marehemu Chifu na Fedha za Mfuko

Ndugu wanachama, assalaam alaykum na hamjambo.

Shughuli za kawaida mnazijua. Vikao vya kamati vilifanyika, wagonjwa walitembelewa, futari tulikula pamoja, na hesabu mweka hazina ameshazisoma. Sitazirudia.

Mwaka huu tumempoteza Chifu wetu (ndivyo mabaharia wanavyomwita injinia mkuu), mwanachama mwasisi, Mola amrehemu. Alianza kwa kufuta mafuta sakafuni katika chumba cha mashine, akapanda hadi injinia mkuu wa meli za mizigo, kisha akashuka nchi kavu kuhudumia majenereta ya dizeli ya kituo cha umeme cha Kipevu, Mombasa. Wapo wanaodhani kazi ni ile ile. Majenereta ya melini mengi ni ya hezi 60 (yaani mizunguko 60 ya umeme kwa sekunde), gridi yetu ni hezi 50: mashine ya mizunguko 500 kwa dakika huzungusha jenereta ya nguzo 12 za sumaku. Mafuta mazito nayo yana tabia nyingine bara. Melini, dhoruba hutibua mashapo ya tangi. Kwenye tangi la bara yanalala kimya, mpaka kiwango kishuke au shehena mpya imwagwe kwa kasi, ndipo uchafu wote unavutwa kwa mkupuo.

Sasa jambo lililozua maneno. Niliidhinisha shilingi 86,000 kutoka mfukoni kunakili daftari zake za kazi na kununua geji ya kupimia krenki (mhimili mkuu wa injini unaozungushwa na pistoni), badala ya jiwe la marumaru na karamu. Familia iliridhia, mweka hazina alitia saini, na katiba inaruhusu matumizi ya dharura. Ilikuwa dharura, maana mchwa walishaanza kula karatasi. Kazi ya kuzipanga na kusahihisha michoro niliisimamia mwenyewe.

Wanaouliza faida wazifungue. Kuhusu pyurifaya, mashine ya kusafisha mafuta kwa kuyazungusha kwa kasi, ameandika: mafuta yaingie yakiwa nyuzijoto 98, mtiririko uwe mdogo, na mashine mbili zikiwepo zifanye kazi sambamba. Anayepunguza joto ili kuokoa mvuke anapitisha chembe za alumini na silikoni zitokazo kwenye kiwanda cha kusafishia mafuta. Kiwango cha kimataifa kwa mafuta mazito ya kawaida kinaruhusu hadi miligramu 60 kwa kilo yakinunuliwa, lakini injini inataka chini ya 15. Zikipita, hujichomeka kwenye laina (ukuta wa ndani wa silinda), zikala ringi za pistoni na pampu za mafuta, na fundi akailaumu ringi. Tangi la kutuliza litolewe maji na tope asubuhi na jioni.

Kuhusu krenki: fungua koki za indiketa (za kutolea hewa ya silinda), weka geji kati ya mikono miwili ya krenki upande wa pili, mbali na pini inayoshika konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krenki), zungusha polepole kwa mota ya kugeuzia, soma jinsi nafasi kati ya mikono inavyobadilika, mara 5 kwa kila silinda, kwa kuwa chini kabisa konrodi humzuia msomaji, hivyo husomwa kabla na baada yake. Usilinganishe vipimo vya mashine moto na vya mashine baridi. Melini andika pia shehena na kina cha maji ambacho chombo kimezama. Bara kagua msingi wa zege na boliti zake. Beringi moja ikishuka, krenki hupinda na kunyooka kila mzunguko mpaka chuma kichoke, kikatike. Jiwe la marumaru halimfundishi kijana hayo, na uamuzi huo ningeurudia.

Kinachoniuma ni mahudhurio. Siku ya mafunzo tulipanga viti 40, wakaja watu 9, na 4 kati yao si wanachama. Wanachama 58, waliolipa ada ni 21. Wanaodaiwa miaka miwili au zaidi ni 19, na sauti kali kuliko zote kuhusu fedha za mfuko zimetoka kwa hao 19.

Mwakani tunatarajia, Mungu akipenda, kupata chumba cha mafunzo na pyurifaya kuukuu ya kufungulia, ikiwa mfadhili atapatikana. Nakala za daftari ziko kwa katibu. Aliyelipa ada achukue yake leo.