Yah: Malalamiko kuhusu prosesa niliyouziwa na utepe wenu wa "ADIMU"

Kikuyu, Dodoma
14 Machi 2025

Meneja, Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Minada ya Mtandaoni,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi uliopita nilishinda mnada kwenye tovuti yenu: prosesa (chipu inayoendesha kompyuta) ya Intel 486DX2-66 kwa shilingi 185,000. Ongeza ada yenu ya mnunuzi 18,500 na nauli ya mzigo kwa basi 12,000, jumla 215,500. Juu ya picha yake palikuwa na utepe mwekundu ulioandikwa ADIMU, na nembo ya kampuni yenu pembeni.

Niliitaka kwa ajili ya kompyuta ya zamani ninayoifufua ili wanafunzi wangu waione ikiwaka. Mzigo ulipofika nikaichomeka. DX2 huenda mara mbili ya mwendo wa ubao wake, yaani ubao mkuu wa kompyuta inapochomekwa: ubao ukiwa megahezi 33, yenyewe inakwenda 66, ndiyo maana ya hiyo 2. Hii ilikwenda 33. Nikahamia ubao mwingine, 33 tena. Nikachukua pamba na asetoni ya kutolea rangi ya kucha (ya mke wangu, bado ananidai chupa), nikapangusa, maandishi yakatoka yote. Wino kutoka peke yake si ushahidi, ila chini yake uso ulikuwa umepigwa msasa, mikwaruzo imelala upande mmoja. Ni DX ya kawaida ya 33 iliyofutwa jina ikapewa la mwenzake. Mchezo huu tuliujua tangu miaka ya 90, prosesa hizo zilipokuwa bado mali mpya.

Na hata ingekuwa yenyewe, uadimu uko wapi? DX2-66 ilitoka 1992, ikajaa kwenye kompyuta za ofisini na majumbani duniani kote. Adimu ni Apple I ya 1976, iliyotengenezwa kama 200 tu. Hii yenu ni kuukuu. Babu yangu naye alikuwa mzee, lakini wazee hawakuwa adimu kule Kondoa.

Muuzaji simlaumu sana, kila mtu husifia chake. Jumamosi mnadani Msalato dalali ataapa kwamba mbuzi huyu hana mfano, na hakuna anayemkasirikia, maana mnunuzi anamfungua mbuzi mdomo, anatazama meno, anamshika mgongo, ndipo anatoa hela. Mimi sikupewa meno ya kutazama. Nilipewa picha moja na utepe wenu. Nilipopiga simu, kijana wenu akanieleza kwa upole kabisa kwamba utepe huo muuzaji anaulipia shilingi 5,000, na hakuna anayekagua kitu. Kwa hiyo lile lilikuwa neno la muuzaji, mimi nikalisoma kama neno lenu. Kama hamkutaka nilisome hivyo, nembo yenu ilikuwa inatafuta nini pale?

Jana nimeingia tena kwenye tovuti. Muuzaji yuleyule ana DX2-66 nyingine sita, zote ADIMU, zote kwa picha moja. Hata kona iliyomeguka ni ileile.

Barua pepe yenu imenijibu kwamba bidhaa za mnada huuzwa kama zilivyo. Hii haikuuzwa kama ilivyo, iliuzwa kama isivyo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na mimi nimepotoshwa na utepe ambao ninyi wenyewe mnauuza.

Naomba mnirudishie shilingi 215,500 zote, ada yenu ikiwemo, kupitia namba ileile niliyolipia. Hizo sita ziondoeni mnadani kabla hazijapata wanunuzi. Na utepe, ama mwajiri fundi wa kukagua, ama muandike juu yake wazi kwamba ni tangazo la kulipia.

Nasubiri siku 14, baada ya hapo nakala ya barua hii itakwenda Tume ya Ushindani. Prosesa ninayo, pamoja na pamba yenye wino, nimevifunga kwenye bahasha moja.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa kompyuta, Kikuyu